Mwongozo kamili: soma habari za visima na soko la mafuta kila siku hadi ujue bei ya sheli inaelekea wapi

Kila mwezi ni yaleyale. Mtu kaona kichwa cha habari "mafuta yaporomoka soko la dunia", anasubiri Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka ya nishati na maji Tanzania, watoe bei kikomo, bei inatoka imepanda, basi lawama zinaanza, wenye sheli wezi, serikali wezi. Mwingine kasikia Wamarekani wamepunguza mitambo ya kuchimba, huyo anakimbilia kujaza madumu ya petroli ndani ya nyumba anayolala na watoto.

Habari zenyewe nyingi ni za kweli. Shida ni kwamba kila habari ina muda wake wa kusafiri mpaka ifike kwenye pampu, nyingine wiki, nyingine mwaka, nyingine haifiki kabisa, na sisi tunazisoma zote kana kwamba zinafika kesho asubuhi. Huu mwongozo ni wa kuzipanga kwa foleni. Ukiufuata kwa robo saa hivi kila siku, ndani ya miezi mitatu utakuwa unakadiria mwelekeo wa bei kabla ya tangazo, na utajua kwanini umepatia au umekosa.

## Vitu vya kuandaa

- Daftari la mistari au jedwali kwenye simu, lolote lile, ila liwe moja na usibadilishe katikati.
- Simu yenye bando. Kurasa utakazofungua ni chache na ni za bure: EIA (idara ya takwimu za nishati ya serikali ya Marekani), Baker Hughes kwa hesabu ya mitambo, benki kuu ya nchi yako kwa bei ya dola, na ukurasa wa EWURA kama uko Tanzania au EPRA kama uko Kenya.
- Tangazo la mwisho la bei, lile lote lenye kurasa nyingi, sio picha ya jedwali iliyozungushwa WhatsApp. Maelezo ya sababu yako kwenye kurasa ambazo watu hawazisambazi.
- Kalkuleta.
- Namba moja ya kukariri: pipa moja ni lita 159.

Programu ya kutrade mafuta haimo kwenye orodha na usiiweke. Ukishaweka hela kwa mkopo wa mara hamsini juu ya bei ya Brent (mafuta ghafi ambayo bei yake ndo kipimo cha soko la dunia), hutasoma tena habari, utakuwa unasali. Na wale wanaokuandikia inbox kwamba wana "signo za mafuta" za uhakika, wapite tu.

## Hatua ya 1: Chora jedwali kabla hujasoma habari hata moja

Safu ni hizi: tarehe, Brent, bei ya dola, akiba ya mafuta ghafi (yaliyo kwenye matangi ya Marekani), akiba ya dizeli, idadi ya mitambo ya mafuta, habari ya siku kwa mstari mmoja, na ya mwisho iandike INAFIKA LINI. Hiyo ya mwisho ndo roho ya kazi yote. Kila habari unayoiandika lazima uijazie hapo, hata kama ni kubahatisha, mfano "wiki 4 hadi 8", "mwaka", "haifiki".

Sababu ya kuanza na jedwali ni kwamba ukianza na habari utabebwa na mwandishi. Yeye kazi yake ni ufungue, yako ni ujue kama inakuhusu.

Tahadhari mbili hapa na wengi wanaangukia hapahapa.

Kwanza, chagua Brent na ubaki nayo. WTI ni mafuta ya Marekani ambayo mkataba wake (ahadi ya kukabidhiana mafuta mwezi fulani mbele kwa bei iliyokubaliwa leo) unakabidhiwa Cushing, mji mdogo Oklahoma uliojaa matangi, na unaweza kufanya vituko visivyotuhusu. Tarehe 20 Aprili 2020 mkataba wa WTI wa mwezi Mei ulifunga dola 37.63 chini ya sifuri, yaani mwenye mafuta anakulipa uyachukue, kwa sababu matangi ya Cushing yalikuwa yanakaribia kujaa na wenye mikataba hawakuwa na pa kuyapeleka. Siku hiyohiyo Brent ilikuwa bado juu ya dola 20. Watu wakauliza mbona sheli hawatulipi sisi! Ndugu yangu, mafuta ya Tanzania hayatoki Cushing.

Pili, angalia mkataba wa mwezi gani. Bei ya Brent inayotajwa kwenye habari ni ya mkataba wa karibu, na mwisho wa kila mwezi mkataba huo unaisha na wa mwezi unaofuata unachukua nafasi. Siku ya kubadilishana grafu inaweza kuruka au kudondoka bila lolote kutokea duniani. Ukiona mruko mwisho wa mwezi, kwanza angalia jina la mwezi wa mkataba, ndo uhangaike.

Utajua hatua imekaa sawa pale safu zote zikijazwa siku tano mfululizo bila kuchanganya Brent na WTI.

## Hatua ya 2: Weka ratiba ya wiki kwa saa za kwetu

Habari za mafuta zina siku zake kama mnada.

Jumanne usiku API, ambayo ni jumuiya ya makampuni ya mafuta ya Marekani, wanatoa makadirio yao ya akiba. Jumatano EIA wanatoa ripoti rasmi ya akiba, saa 11 na nusu jioni kwa saa zetu wakati Marekani iko majira ya joto, na saa 12 na nusu wakisharudisha saa nyuma. Alhamisi saa hiyohiyo ni akiba ya gesi asilia. Ijumaa Baker Hughes wanatoa hesabu ya mitambo, saa 2 usiku kwetu, au saa 3 kipindi cha baridi yao. Wakiwa na sikukuu ripoti zinasogea siku.

Za kwetu: EWURA Jumatano ya kwanza ya mwezi, EPRA tarehe 14 na bei inaanza kutumika tarehe 15. Uganda hakuna bei kikomo, kila kampuni inapanga yake, kwa hiyo ukiwa Kampala bei inaweza kubadilika siku yoyote.

Weka alamu ukapumzike. Kati ya ripoti na ripoti, mengi unayosoma ni maoni ya watu.

## Hatua ya 3: Ijumaa, soma hesabu ya mitambo bila kukurupuka

Hapa ndo watu wanapigwa sana, twende polepole.

Fungua jedwali la Baker Hughes. Mistari mitatu mikubwa: Marekani, Kanada, na nchi nyingine ambazo zenyewe huhesabiwa kwa mwezi. Kulia kuna idadi ya sasa, mabadiliko kutoka hesabu iliyopita, na mabadiliko kutoka mwaka jana. Jicho lako liende kwenye mwaka jana kwanza. Mitambo mitatu kupungua kwa wiki ni kelele, inaweza kuwa imemaliza kisima kimoja na inahamishiwa kingine. Mitambo themanini kupungua kwa mwaka, hiyo ni habari.

Alafu tenganisha mafuta na gesi. Jumla ya mitambo inachanganya vyote viwili, na mara nyingi kichwa cha habari kinatumia jumla. Wewe andika ya mafuta peke yake.

Alafu angalia ni bonde gani. Permian, lile la Texas magharibi na New Mexico, ndo linabeba uzito mkubwa wa mafuta ya Marekani. Mitambo kumi ikiondoka Permian ni jambo tofauti kabisa na kumi ikiondoka Haynesville huko Louisiana, ambako wanachimba gesi.

Elewa pia kilichohesabiwa. Ni mtambo unaochoronga kweli wiki hiyo. Ule unaokarabati kisima cha zamani haumo, na kazi ya kupasua mwamba kwa maji na mchanga ili mafuta yatoke nayo haimo. Kwa hiyo kisima kinaweza kuchimbwa leo kikaachwa kimefungwa miezi, mtambo ukaondoka, kikaja kufunguliwa bei ikinoga. Visima hivyo vilivyochimbwa bila kumaliziwa EIA wanavihesabu kila mwezi, navyo ni kama stoo: mitambo inaweza kushuka na mafuta yakaendelea kuongezeka kwa sababu watu wanafungua stoo.

Sasa mfano wa kukuondolea ugonjwa wa "mitambo imepungua, mafuta yatapanda". Oktoba 2014 Marekani walikuwa na mitambo ya mafuta 1,609. Mwaka huo walizalisha wastani wa mapipa milioni 8.8 hivi kwa siku. Agosti 2020 mitambo ilianguka hadi 172, corona imekaba soko lote. Ikapanda tena lakini haikurudi hata nusu ya kule juu kwenye 2014, mwaka 2024 ilikuwa inazunguka karibu na 500. Uzalishaji wa 2024? Milioni 13.2 kwa siku, juu kuliko nchi yoyote iliyowahi kuzalisha. Mitambo chini ya theluthi, mafuta nusu zaidi.

Ilikuwaje? Kisima cha siku hizi kinashuka chini kisha kinapinda kulala ubavu ndani ya mwamba kilomita tatu na zaidi, mtambo mmoja unachimba visima kadhaa sehemu moja, wenyewe unajisogeza hatua chache bila kufunguliwa, na siku za kuchimba kisima kimoja zimepungua sana. Kwa hiyo usilinganishe mtambo wa 2014 na wa leo kwa idadi.

Lakini usiitupe hii ripoti. Visima vya mwamba vinachoka haraka, mwaka wa kwanza tu kinaweza kupoteza zaidi ya nusu ya nguvu yake, kwa hiyo mitambo ikishuka mwaka mzima mfululizo na ile stoo nayo inaisha, lazima uzalishaji uguse breki. Mpangilio wake ni huu: bei inashuka, miezi mitatu minne baadae kampuni zinapunguza mitambo, na miezi kadhaa mbele tena ndo unaona mapipa. Yaani hesabu ya mitambo ya Ijumaa inakusimulia bei ya miezi iliyopita, alafu inakudokeza mapipa ya mwaka ujao. Ya mwezi ujao haikuambii kitu.

Kwenye INAFIKA LINI ya Ijumaa andika "miezi 6 na kuendelea". Ukijikuta unatabiri bei kikomo ya mwezi ujao kwa hesabu ya mitambo, rudi mwanzo wa hatua hii.

## Hatua ya 4: Jumatano, soma akiba kwa kulinganisha na kilichotegemewa

Akiba kushuka maana yake mafuta yanatumika kuliko yanavyoingia, akiba kupanda kinyume chake. Rahisi. Kinachowachanganya watu ni bei kushuka siku ambayo akiba nayo imeshuka.

Soko halisubiri ripoti, linakadiria kabla. Tuseme wachambuzi walitegemea akiba ishuke mapipa milioni 4 na ripoti ikasema imeshuka milioni 1. Imeshuka kweli, lakini kidogo kuliko walivyokwisha kuiweka kwenye bei, kwa hiyo bei inarudi chini. Andika namba mbili daima: iliyotegemewa na iliyotoka.

Alafu usiishie kwenye mafuta ghafi. Shuka mpaka petroli na dizeli. Akiba ghafi inaweza kupanda kwa sababu viwanda vya kusafisha vimefungwa kwa matengenezo, vingi hufanya hivyo kabla ya majira ya joto na tena baada yake, na katika kipindi hichohicho dizeli inapungua. Mwenye fuso la kubeba nyanya Ilula kwenda Kariakoo anatakiwa alie na dizeli, mafuta ghafi hayaendi kwenye tangi lake.

Kuna na ajali za kalenda. Ukungu ukifunga mfereji wa meli wa Houston siku tatu, meli za kusafirisha nje hazitoki, mafuta yanabaki kwenye matangi, Jumatano unaona akiba imepaa na vichwa vya habari vinapiga kelele, wiki inayofuata meli zimetoka akiba imeporomoka. Hakuna aliyechoma mafuta zaidi wala pungufu. Ndo maana wazoefu wanasoma wastani wa wiki nne. Kipindi cha vimbunga, Juni hadi Novemba, kampuni za Ghuba ya Mexico zinaondoa watu kwenye majukwaa ya baharini na namba zinavurugika hivyohivyo.

Ile ya API ya Jumanne ichukulie kama fununu tu.

## Hatua ya 5: Mikutano ya OPEC+, tenganisha tamko na mapipa

Oktoba 2022 OPEC+, muungano wa nchi zinazouza mafuta nje pamoja na wenzao kama Urusi, walitangaza kupunguza mapipa milioni 2 kwa siku. Ilisikika kubwa, na vichwa vya habari vikaenda nayo hivyohivyo. Ila nchi kadhaa, Nigeria na Angola zikiwemo, zilikuwa tayari zinazalisha chini ya mgao wao kwa kushindwa, kwa hiyo kuwapunguzia mgao hakukuondoa pipa lolote sokoni. Upungufu wa kweli ulikadiriwa kuwa kama nusu ya tamko. Angola wenyewe baadae waligombea mgao wakatoka OPEC kabisa, Januari 2024.

Kwa hiyo kila tamko liulize: mgao unashuka, sawa, uzalishaji wenyewe uko wapi? Na nani kati yao ana uwezo wa kuongeza akitaka? Hapo kwa kawaida unabaki na Saudi Arabia, Emirati na wachache wengine. Hizi habari ziandikie "wiki 4 hadi 12" maana zinagusa Brent mara moja, alafu zinafuata foleni ya meli kama nyingine.

Vita nazo zisome kwa utulivu huohuo. Juni 2025 Israeli na Iran walipopigana, Brent ilipanda mpaka karibu dola 80 kwa hofu ya mlango wa Hormuz, ambao karibu sehemu moja ya tano ya mafuta ya dunia hupita hapo. Zikatangazwa habari za kusimamisha vita, ikarudi chini ya 70 ndani ya siku chache. Aliyejaza madumu wiki ile alinunua hofu. Swali la kujiuliza kwenye vita ni moja: kuna pipa ambalo limeshindwa kusafiri? Kama lipo na linaendelea kukwama, hapo ni jambo zito kwetu kuliko kwa Mmarekani, maana sehemu kubwa ya mafuta ya Dar na Mombasa inapakiwa Ghuba ya Uajemi.

## Hatua ya 6: "Gesi na mafuta yagunduliwa", maswali manne

Habari za kisima kipya ndo zinatufurahisha kuliko zote, na ndo za kuandikia muda mrefu kuliko zote. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa 1974 ikafika Dar kuzalisha umeme 2004, miaka 30. Uganda walithibitisha mafuta ya Bonde la Albert 2006 na uamuzi wa mwisho wa uwekezaji ukatolewa Februari 2022. Kisima cha Ngamia-1, kilichopata mafuta kule Turkana Kenya, ni cha Machi 2012. Gesi ya bahari kuu yetu Lindi na Mtwara ndo imebeba sehemu kubwa ya zile futi za ujazo trilioni 57 tunazotajiwa, na bado imelala chini ya bahari.

Uliza hivi:

1. Kisima kimejaribiwa kutoa, au wameona dalili tu kwenye mwamba? Dalili sio mafuta.
2. Kiasi kilichotajwa ni kilichopo ardhini au kinachoweza kutolewa? Mara nyingi kinachotoka ni sehemu ndogo ya kilichopo.
3. Uamuzi wa mwisho wa uwekezaji umesainiwa? Bila huo ni mazungumzo.
4. Yanatokaje? Mafuta ya Uganda yana nta, yakipoa yanaganda, kwa hiyo bomba la kutoka Hoima hadi Chongoleani Tanga, kilomita 1,443, inabidi lipashwe moto njia nzima. Hilo swali la nne ndo limekula miaka.

Na hata bomba likimwaga mafuta Tanga, sheli ya Handeni haishushi bei kwa sababu hiyo. Yale ni mafuta ghafi ya kuuzwa nje. Kiwanda cha kusafisha cha Mombasa kiliacha kazi 2013, cha Dar kiliacha mapema zaidi, vyote vimebaki kuwa matangi, kwa hiyo petroli na dizeli zitaendelea kuja kwa meli. Faida ipo kwenye ushuru, ajira na mapato, ila kwenye jedwali lako la bei andika "haifiki".

Hapohapo niseme la gesi maana linawachosha watu. Ukisoma "bei ya gesi yashuka Marekani" hiyo ni gesi asilia ya bomba. Mtungi wako wa kupikia ni mchanganyiko wa propani na butani, na bei yake ya kuanzia hupangwa kila mwezi na Saudi Aramco. Mwaka 2024 huko Permian gesi iliuzwa chini ya sifuri siku nyingi tu, ikitoka bila kutakiwa pamoja na mafuta huku mabomba yamejaa, na mtungi wa kilo 15 Mbagala haukusikia lolote. Ya Songo Songo nayo ni ya bomba, inaenda kwenye mitambo ya umeme, viwandani, na kwenye bajaji na magari yaliyofungwa mfumo wa gesi.

## Hatua ya 7: Shusha Brent mpaka kwenye pampu kwa kalkuleta

Kazi yenyewe ni hapa.

Chukua mabadiliko ya Brent, gawa kwa 159, zidisha kwa bei ya dola. Mfano, Brent imepanda dola 10 na dola moja ni shilingi 2,500 ya Tanzania: 10 gawanya 159 ni dola 0.063, mara 2,500 ni kama shilingi 157 kwa lita. Kwa Kenya, dola ikiwa 129, ni kama shilingi 8. Dola hizo ni za mfano, weka ya benki kuu ya siku yako.

Tunatumia shilingi badala ya asilimia kwa sababu Tanzania tozo na ushuru mkubwa wa mafuta umepangwa kwa lita, ni kiasi kilekile mafuta yakiwa ghali au rahisi. Kwa hiyo Brent ikishuka asilimia 20, pampu haiwezi kushuka asilimia 20, sehemu kubwa ya bei haijaguswa. Huu ndo ugomvi nusu ya watu walio nao na wenye sheli.

Sasa rekebisha mambo matatu.

Dola. Tuseme lita imefika bandarini kwa dola 0.60. Shilingi ikitoka 2,500 kwenda 2,600 umeongeza shilingi 60 bila Brent kusogea. Wakenya waliliona hili kwa uzuri mwanzo wa 2024: Januari dola ilikuwa karibu shilingi 160 na petroli Nairobi 207 na senti zake, shilingi yao ikapata nguvu mpaka dola ikawa 131 hivi, na Aprili petroli ikawa chini ya 194. Brent kipindi hichohicho ilipanda kutoka kwenye 78 hadi karibu 90. Aliyekuwa anasoma Brent peke yake alikosa kila mwezi.

Bidhaa. Tunanunua petroli na dizeli, na hizo zina bei zao. Mwaka 2022 dizeli ilikaa juu ya petroli kwa nafasi kubwa kwa sababu Ulaya ilikuwa inahangaika kuziba pengo la dizeli ya Urusi. Kama una gari la dizeli, andika pia bei ya dizeli ya soko la London, inatajwa kwa dola kwa tani, gawa kwa 1,184 unapata kwa lita. Dola 700 kwa tani ni kama dola 0.59 kwa lita.

Muda. Mafuta yanayouzwa mwezi huu yaliagizwa na kupangiwa bei wiki nyingi nyuma. Usitumie Brent ya jana, tumia wastani wa mwezi mmoja au miwili nyuma, alafu fungua tangazo la EWURA usome walivyoeleza wenyewe: bei za soko la dunia zilibadilika asilimia ngapi, gharama za uagizaji zilibadilika vipi, na bandari za Dar, Tanga na Mtwara zimetofautianaje. Ukisoma matangazo matatu mfululizo utajua ni bei za mwezi upi zinazobebwa kwenye tangazo.

Baada ya hapo kuna kitu ambacho kalkuleta haikioni, nacho ni serikali. Juni 2022 Tanzania iliweka ruzuku ya shilingi bilioni 100. Septemba mwaka huohuo Kenya iliondoa ruzuku ya petroli, Nairobi ikaruka kutoka 159.12 hadi 179.30 wakati Brent inashuka. Kwa hiyo mwezi wa bajeti, na kila serikali mpya inapoingia, ongeza safu ya tozo na ruzuku uisome kwanza kabla ya Brent.

## Hatua ya 8: Andika kadirio lako kabla ya tangazo, kwa kalamu

Jumatatu ya kabla ya tangazo andika mambo matatu: itapanda au itashuka, kwa kati ya shilingi ngapi na ngapi, na sababu moja kubwa. Mfano: "Petroli Dar itashuka, 30 hadi 80, kwa sababu ya wastani wa soko la dunia wa mwezi uliopita, dola haijasogea." Usiandike baada ya kusikia fununu kwa mtu wa depo, hapo hujipimi wewe unampima yeye.

Tangazo likitoka, weka namba halisi pembeni kwa rangi nyingine. Ukikosa, tafuta ni kipi kati ya vinne: dola, bidhaa, muda au serikali. Kwa ninavyoona mimi, wanaoanza wanakosa zaidi kwenye muda, wanatumia bei mpya mno.

Usitegemee kupatia shilingi kwa shilingi, hata wenye sheli wenyewe hawapatii. Ukipatia mwelekeo miezi mitatu mfululizo na namba halisi ikaangukia ndani ya mipaka yako mara mbili kati ya hizo, mfumo wako unafanya kazi, na hapo mwenye daladala au kibanda cha kusaga anaweza kupanga nauli na oda zake.

## Ukikwama

Brent imeshuka mwezi mzima na bei kikomo imepanda: angalia dola kwanza, kisha gharama za uagizaji kwenye tangazo, kisha wastani wa mwezi uliobebwa. Tisa kwa kumi jibu liko hapo.

Bei ya mkoani kwako haifanani na uliyokadiria: ulikadiria ya Dar. Tafuta mstari wa wilaya yako kwenye jedwali, tofauti ni usafiri kutoka bandari yenu ya karibu, na tofauti hiyo haibadiliki sana mwezi hadi mwezi, kwa hiyo iandike mara moja uwe unaiongeza.

Umepitwa na wiki nzima bila kusoma: usirudi kusoma vichwa vyote vya habari. Chukua wastani wa Brent wa wiki, dola ya Ijumaa, ripoti ya Jumatano, jaza safu hizo tatu, endelea.

Umekadiria itapanda sana na unataka kuweka akiba: jaza tangi la gari, basi. Petroli kwenye dumu la plastiki inatoa mvuke hata kifuniko kikiwa kimekazwa, mvuke wake ni mzito unatambaa sakafuni mpaka kwenye jiko la chumba cha pili, na kwa shilingi 100 za kuokoa kwa lita, dumu la lita 20 ni shilingi 2,000.